Glasi na vesi za zamani za Ubelgiji: utajuaje kiwanda gani kilitengeneza, na stika uiamini kiasi gani

Swali lilikuwa hivi:

"Kaka habari za siku. Mimi ni mtu wa Bukavu ila naishi Bruxelles, na asubuhi nikipata nafasi napita soko la mitumba la Place du Jeu de Balle kuokota vyombo vya zamani. Sasa nina vitu vitano sijui nani katengeneza. Kuna glasi sita ndefu za mvinyo za rangi tofauti zenye nakshi, moja tu ina stika iliyochanika, imebaki '...ST LAMBERT' na chini yake 'BELGIQUE'. Kuna vesi ya maua nzito ya zambarau, chini haina kitu. Kuna vesi nyingine ina michoro ya pembetatu na mistari, muuzaji kaniambia ni Boom. Kuna bilauri nane za kawaida zina herufi ndogo kitakoni. Na kuna karafe yenye kizibo, stika yake inasema 'Cristal au plomb 24%'. Je, stika inatosha kujua kiwanda? Na hivi vyombo nitumie au ni vya kuangalia tu?"

Dada yangu salama, na hongera kwa jicho maana ulichookota si kibaya kabisa. Naanza na stika kwa sababu hapo ndo watu wengi wanaliwa hela. Hapana, stika peke yake haitoshi. Stika ni karatasi na gundi, inabanduliwa kwenye glasi iliyovunjika inabandikwa kwenye nyingine nzima dakika hiyohiyo, na hata kama imekaa pale tangu siku ya kwanza inaweza ikawa ya duka lililouza na si ya kiwanda kilichopuliza, maana maduka ya vyombo yalikuwa na tabia ya kubandika jina lao juu ya mali iliyotoka kokote. Kwahiyo mi stika naisoma mwisho. Kwanza naangalia kioo chenyewe kimetengenezwaje, kimekatwaje, kimechakaaje, halafu ndo naileta stika nione kama vinakubaliana. Vikigongana naamini kioo.

Sasa chukua chombo chochote kati ya hivyo, kigeuze kitako juu, simama dirishani mchana, taa ya umeme ya dari inadanganya sana. Kioo kilichopulizwa kwa mdomo, fundi akifika kwenye kumalizia sehemu ya juu inabidi akishike kwa fimbo ya chuma iliyogandishwa kitakoni, na akiibandua ile fimbo panabaki kovu. Kazi ya bei ndogo kovu linaachwa hivyohivyo, linakwaruza kidole. Kazi ya kristali nzuri, yaani kioo kizito chenye risasi ndani, linasagwa kwa gurudumu na kung'arishwa mpaka panabaki kijishimo cha duara laini kabisa, ukikiinamisha kwenye mwanga unakiona. Kwenye glasi za mguu mara nyingi kovu hulikuti kwa sababu zinamaliziwa kwa njia nyingine, hapo usihangaike. Kioo cha kubanwa ni habari tofauti, kioo cha moto kinamwagwa kwenye kalibu ya chuma, pistoni inashuka inakibana, na pale vipande vya kalibu vinapokutana panabaki mshono mwembamba unaoshuka kutoka juu mpaka chini. Pitisha ukucha taratibu ukizunguka, utaukuta hata kama kiwanda kilijitahidi kuufuta kwa moto. Na nakshi iliyokatwa kwa gurudumu ina kingo kali, ukucha unakwama, wakati nakshi ya kalibu kingo zake zimelala zimeviringana. Ukishazoea hayo mawili, kupuliza na kubana, tayari umeshapunguza nusu ya majina.

Twende kwenye glasi sita. Hizi ndo naona umepata bahati. Val Saint-Lambert ndo jina kubwa la kristali Ubelgiji, liko Seraing pembeni ya Liège, kiwanda kilianza 1826 ndani ya majengo ya abasia ya zamani ya watawa wa Sistersiani, ukienda leo bado unayaona. Walioanzisha ni François Kemlin na Auguste Lelièvre, wote walitokea kiwanda cha Vonêche huko Ardennes ambacho bosi wake d'Artigues alikuwa ameshahamia Ufaransa, alinunua kiwanda cha kioo cha Baccarat mwaka 1816. Hii historia si ya kupamba maneno, inakusaidia kwenye kutambua, kwa sababu Val Saint-Lambert na Baccarat wametoka kwenye shina moja, mafundi wa shule moja, ndo maana glasi zao za karne ya 19 zinafanana mpaka wataalamu wanabishana, na asiye na katalogi mkononi asikwambie "hii ni Val hakika" kwa glasi nyeupe (yaani isiyo na rangi) ya kawaida ya 1850 isiyo na alama. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kiwanda kilikuwa na wafanyakazi kama 5000 na mali nyingi ilikuwa inauzwa nje, Urusi, Marekani, kila mahali, ndo maana zinakutwa dunia nzima.

Kwa glasi zako cha kuangalia ni ile rangi. Kristali ya rangi ya Val aina hii inaitwa doublé, yaani fundi anachukua kristali nyeupe anaivisha ngozi nyembamba ya kristali ya rangi ikiwa bado ya moto, halafu mkataji anakuja na gurudumu anakata nakshi mpaka anafika kwenye nyeupe. Shika glasi nyekundu, angalia pembeni mwa mkato mmoja kwa lenzi ya kukuzia. Ukiona ngozi ya rangi ina unene wake, inakatika wima halafu inaanza nyeupe, hiyo ni doublé ya kweli. Ukiona rangi ni kama imepakwa tu juu, haina unene, na pale kitakoni inapogusa meza imekwaruzika mpaka nyeupe inaonekana, hiyo ni rangi ya kupaka na kuchoma, kazi ya bei rahisi, Bohemia (Cheki ya leo) walikuwa wanaitoa kwa wingi sana. Val wana glasi moja ndefu ya mvinyo mweupe ya namna hii, kwenye katalogi inaitwa Berncastel, walitengeneza miaka mingi kwa rangi nyingi, na kuwa na sita za rangi sita tofauti ni jambo la kawaida kabisa, ndivyo zilivyokuwa zinauzwa. Kwahiyo rangi kutofanana isikutie wasiwasi.

Wasiwasi uwe kwenye mambo mengine. Glasi ndefu za rangi zilizokatwa wametengeneza pia Nachtmann kule Bavaria, Saint-Louis na Baccarat Ufaransa, Ajka Hungaria, na viwanda vya Bohemia visivyohesabika. Za Nachtmann ukizikuta mara nyingi nakshi yake ni ya mizabibu na vichala vya zabibu. Kwa Val nakshi ni ya mistari na almasi, mikato mirefu iliyotulia, mguu nao umekatwa kwa pande. Zipange zote sita kwenye meza nyeupe uangalie urefu, upana wa kitako, idadi ya pande za mguu, nakshi ngapi zinazunguka. Kama tano zinafanana na ile yenye stika kwa kila kitu isipokuwa rangi, basi ile stika moja imezitetea zote. Kama mbili zina mguu tofauti, muuzaji alikamilisha seti kwa alichopata, hutokea kila siku pale Jeu de Balle na kwenye soko la La Batte huku Liège Jumapili.

Kipimo kingine ambacho napenda kila mtu akijue ni cha uzito, kwa sababu hakihitaji maabara, kinahitaji mizani ya jikoni tu. Kristali ina madini ya risasi ndani yake ndo maana ni nzito na ukiigonga inalia muda mrefu, na uzito wake ukilinganisha na ujazo unakwambia ina risasi kiasi gani. Fanya hivi: pima glasi ikiwa kavu, tuseme imekuja gramu 280. Weka bakuli kubwa la maji juu ya mizani, rudisha mizani sifuri, funga glasi kwa uzi, ishushe ndani ya maji izame yote bila kugusa chini wala pembeni, igeuze geuze hewa itoke maana kiputo kimoja kikubwa kinaharibu hesabu. Mizani itaonyesha namba, tuseme 92. Gawanya 280 kwa 92 unapata 3.04, hiyo ni kristali nzito, risasi ipo asilimia 30 hivi. Ingekuja 112 ungepata 2.5 kamili na hicho ni kioo cha kawaida cha soda na chokaa. Glasi yenye stika usiitumbukize, tumia mwenzake! Na uelewe kipimo kinasema nini, kinasema hii ni kristali au si kristali, hakisemi ni ya nani. Val nao walitoa demi-kristali (kristali yenye risasi kidogo) na vyombo vya kubana visivyo na risasi nyingi, kwahiyo namba ndogo haimaanishi si Val, ila kwa glasi ya doublé iliyokatwa kwa mkono mi nategemea namba karibu na 3 au zaidi, ikija 2.5 naanza kumwangalia muuzaji vizuri.

Sasa hapo ndo turudi kwenye stika yako. Imebaki "ST LAMBERT" na "BELGIQUE". Vizuri, ni Kifaransa, maana yake iliandaliwa kwa soko la hapahapa au Ufaransa. Stika za mali ya kwenda nje zinakuwa na "Made in Belgium", kwa sababu Marekani kuanzia 1891 sheria yao ya forodha ilidai bidhaa iandikwe nchi ilikotoka. Kwahiyo ukikuta "Made in Belgium" peke yake bila jina la kiwanda umeambiwa nchi na umeambiwa iliwahi kuuzwa ng'ambo, basi, hujaambiwa kiwanda. Wauzaji wengi wakiona maneno hayo kwenye kristali wanaruka moja kwa moja kwenye Val Saint-Lambert kwa sababu ndo jina linalouza, na si haki, Ubelgiji ilikuwa na viwanda vya kioo kibao, bonde la Liège, Namur, Hainaut yote.

Vitu vidogo kwenye stika au boksi vinakupa umri. Namba ya posta yenye tarakimu 4, kama 4100 ya Seraing, Ubelgiji ilianza kuzitumia 1969, kwahiyo karatasi yenye namba hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo hata muuzaji aape. Mistari ya bakodi ni ya karibuni zaidi, mwisho wa miaka ya 1970 kuja mbele. Halafu chukua ile tochi ndogo ya kukagulia noti bandia, zima taa, imulike stika. Karatasi nyingi za baada ya takribani 1950 zinawekewa dawa ya kuzifanya zionekane nyeupe zaidi, na dawa hiyo chini ya tochi inawaka buluu kali. Stika ikiwaka namna hiyo na chombo kinadaiwa ni cha 1925, kuna mmoja anadanganya. Ikiwa chombo chenyewe ni cha miaka ya 1960 kuwaka hakuna ubaya wowote. Angalia na gundi, ya zamani imegeuka njano, imekauka imepasuka, na uchafu umejikusanya ukingoni mwa stika kwa miaka, sio chini yake. Stika iliyohamishwa utakuta chini yake kuna vumbi na mikwaruzo ambayo isingekuwepo kama ilikaa hapo tangu mwanzo.

Na niseme na sahihi za kuchonga, maana hukuuliza ila utakutana nazo. Val walikuwa wanaandika jina kwa tindikali, linakuwa na ukungu mweupe ulio sawasawa, au kwa ncha ya almasi kwa mwandiko wa mkono, "Val St Lambert", na kwenye vesi za zamani za tabaka unakuta VSL imechongwa ndani ya picha yenyewe. Lakini vyombo vingi sana vya Val havina sahihi kabisa, vilitoka kiwandani na stika tu, ikabanduka wiki ya kwanza ya kuoshwa. Hilo pengo ndo wajanja wanalijaza na mashine ndogo ya kuchongea. Dawa yake ni kuangalia mikwaruzo. Kitako cha chombo cha miaka 80 kina mikwaruzo midogo midogo inayokwenda kila upande, kwa kuburuzwa mezani na kabatini. Kama sahihi ni ya zamani mikwaruzo inapita juu yake, inaikata. Kama sahihi imechongwa mwaka jana yenyewe ndo inaikata mikwaruzo, na inang'aa nyeupe mbichi kuliko kila kitu kilichoizunguka. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha kabisa kuliona hili, na ukishaliona mara moja huwezi tena kulikosa. Mikwaruzo yenyewe nayo ikiwa yote inaelekea upande mmoja, jua mtu kaisugua kwa msasa.

Sasa vesi ya zambarau. Umesema nzito na haina kitu chini. Swali la kwanza langu, ina mshono? Kwa picha uliyotuma naona kingo za nakshi zimelala, kwahiyo naamini ni ya kubanwa, na zambarau ya namna hiyo yenye nakshi ya ngazi na pembe inanipeleka moja kwa moja miaka ya 1930. Hapo Ubelgiji kuna milango miwili. Mmoja ni Val Saint-Lambert wenyewe, ambao miaka hiyo ya shida ya uchumi waliona kristali ya kukata kwa mkono haiuziki wakatoa mfululizo wa vyombo vya kubanwa unaitwa Luxval, vinene, vya rangi nzito, mmoja wa wabunifu wake ni René Delvenne. Luxval mara nyingi ina jina limetoka kwenye kalibu yenyewe, herufi zimeinuka, na zinaweza kuwa mahali usipotegemea kwahiyo usiangalie chini tu, ingiza kidole ndani, pitisha karibu na kitako pembeni, mulika tochi kwa ubavu. Herufi zilizochakaa mchana hazionekani ila tochi ikilazwa zinatokea.

Mlango wa pili ni Scailmont, kiwanda kilichokuwa Manage, Hainaut, kilianza 1901. Hiki watu hawakijui kiasi kinachostahili na mi kinaniuma kwa kweli, kwa sababu vesi zake za miaka ya 1920 na 1930 ni kazi safi na bado zinauzwa kwa bei ya kueleweka. Mbunifu wao mkubwa ni Henri Heemskerk, ukikuta "H. Heemskerk" kwenye vesi ya Kibelgiji ya kalibu umefika Manage. Charles Catteau naye, yule wa vyungu vya Boch Keramis pale La Louvière ambapo ni jirani kabisa na Manage, aliwabunia vioo. Scailmont wanapenda ngozi ya ukungu inayopishana na sehemu zinazong'aa, maua na majani yaliyonyooshwa kwa rula, rangi ya moshi, ya kahawia, na zambarau pia. Ukiziweka pamoja na Luxval utaona Luxval ni nene zaidi, inakaa kama tofali, haina aibu ya uzito wake, wakati Scailmont nakshi ndo inaongea. Kwa vesi yako bila jina mi ningeandika "Ubelgiji, miaka ya 1930, labda Val Saint-Lambert Luxval" na neno labda lisitoke mpaka uikute sura yake hasa kwenye katalogi. Katalogi za Val zimechapishwa upya, ya 1908 inapatikana na za baadaye pia, na sura ya chombo ikilingana na mchoro wa katalogi kwa urefu na kwa idadi ya pande, hiyo ni hati yenye nguvu kuliko stika yoyote.

Uangalie na mipaka, maana kioo hakijui mpaka. Leerdam na Kristalunie ya Maastricht ni viwanda vya Uholanzi, Maastricht na Liège ni safari fupi tu ya treni, mafundi walikuwa wanahama na ladha inahama nao. Vile vyombo vinene vilivyosokotwa vya miaka ya 1950 na 1960, kiini cha rangi ndani ya kristali nyeupe, utaambiwa kila kimoja ni Val na nusu yake ni Ufaransa au Murano ya Italia. Kwa hivyo sahihi au katalogi, bila hapo mi sibishani. Ila ukikuta sahihi ya Louis Leloup usiiachie, huyo alikuwa fundi wa Val kabla ya kuanza karakana yake mwenyewe hapohapo Seraing miaka ya mwanzo ya 1970.

Boom sasa. Boom ni mji kando ya mto Rupel kusini ya Antwerp, ulikuwa mji wa matofali, siku hizi vijana wanaujua kwa tamasha la Tomorrowland. Kulikuwa na kiwanda cha kioo pale kinaitwa De Rupel kati ya Vita Kuu mbili za Dunia, na vesi zake za Art Deco, ule mtindo wa mapambo wa miaka ya 1920 na 1930, zilizochorwa kwa tindikali na kukatwa kwa pembetatu, mistari na ngazi, zinapendwa sana Flanders. Tatizo ni kwamba Boom walikuwa na uhusiano wa karibu na familia ya Heller ya Haida, mji ambao leo unaitwa Nový Bor uko Cheki, na vesi nyingi zinazouzwa kwa jina la Boom zilitengenezwa au kupambwa kule Bohemia kwa ajili ya soko la huku. Wauzaji hawasemi hivyo, kwao pembetatu na mistari basi ni Boom. Kwahiyo ya kwako angalia kama mchoro umeliwa na tindikali, yaani ukigusa unasikia bonde, mgongo wake una ukungu, au ni rangi ya enameli imepakwa juu na ukigusa unasikia mlima. Rangi ya kupakwa ya kung'aa kwenye kioo chembamba mi inanipeleka Bohemia zaidi kuliko kwenye mto Rupel. Bonde la tindikali kwenye kioo kinene cha rangi, Boom inawezekana. Na bila alama andika "mtindo wa Boom", hiyo ni kauli ya kweli na mnunuzi anayejua atakuheshimu kwa hilo. Kama ulilipa bei ya Boom halisi kwa maneno matupu ya muuzaji, next time mwambie akuonyeshe anajuaje.

Bilauri nane hazina fumbo. Kwa picha naona duara na herufi, paka unga wa ngano kidogo kitakoni uupanguse kwa kidole, unga utabaki kwenye herufi, na nategemea utasoma DUROBOR, labda na namba pembeni. Hicho ni kiwanda cha Soignies, kilianzishwa 1928 kutengeneza kwa mashine bilauri ambazo mdomo wake haumeguki kirahisi, ndo maana ukigusa mdomo unaona una kijiukingo cha mviringo, si mwembamba wa kukatwa. Vilabu na mikahawa ya Ubelgiji nzima vilinywea humo, na glasi nyingi za bia zenye majina ya viwanda vya bia zilitoka kwao. Kilifilisika 2019, inasikitisha sana, watu wa pale walikuwa wanafanya kazi baba mpaka mtoto. Bei yake sokoni ni ndogo, namba ya kalibu kitakoni si mwaka, usidanganywe. Hizi kunywea kila siku, chai ya rangi, juisi, chochote, ndo kazi yake.

Imebaki karafe. Stika "Cristal au plomb 24%" ni zawadi kwa mtu anayetafuta umri, maana maneno hayo na asilimia hiyo yametoka kwenye kanuni ya Ulaya ya 1969, kabla ya hapo viwanda vilikuwa vinaandika cristal tu kila mmoja kwa anavyojisikia. Asilimia 24 ndo ya kristali ya risasi, na 30 ndo daraja la juu. Kwahiyo karafe yako kama stika ni yake, ni ya miaka ya 1970 au baadaye, haiwezi kuwa ya bibi wa kabla ya vita. Na jina la nchi halipo kwenye ulichoniandikia, kanuni ile ilikuwa ya nchi zote za jumuiya, kwahiyo inaweza kuwa Ufaransa, Ujerumani, Ubelgiji, popote. Angalia kizibo kama kina namba ndogo iliyochongwa na kama namba hiyohiyo iko mdomoni mwa karafe, hiyo ni alama kwamba kizibo kilisagwa kwa ajili ya shingo hiyo na havijabadilishwa.

Kuhusu kutumia, glasi za kristali kunywea mvinyo mezani hamna shida, unamimina unakunywa unaosha. Kuhifadhi ndo siyo. Mvinyo, juisi ya limau, siki, vyote vina asidi na asidi inaivuta risasi kutoka kwenye kristali taratibu, siku zikienda inaongezeka, kwahiyo mimina kwenye karafe jioni wageni wakija, kikibaki kirudi kwenye chupa usiku huohuo. Watoto na mama mjamzito wapewe bilauri za Soignies. Na zile glasi sita usiziweke kwenye mashine ya kuoshea vyombo, joto na sabuni kali vinaufanya uso wa kristali upate ukungu ambao hautoki, zioshe kwa mkono na maji ya uvuguvugu moja moja, weka taulo chini ya beseni. Ile yenye stika usiioshe nje kabisa, ifute kwa kitambaa kikavu, ipige picha ya karibu leo hii kabla herufi zilizobaki hazijaanguka, na nitumie na picha ya ubavu wa vesi ya zambarau ukiwa umeilalishia tochi.